Hoteli si iliungua?

SWALI: Dada mhariri, juzi nimeangalia Doctor Sleep, ule mwendelezo wa The Shining, na mdogo wangu, yeye kasoma vitabu anabisha eti ile hoteli ya Overlook ilishaungua zamani, mbona kwenye muvi ipo?

JIBU: Mdogo wako yuko sahihi. Kwenye The Shining, riwaya ya Stephen King ya 1977, boila (mtambo wa kupasha joto) inalipuka hoteli inateketea, ila mwongozaji Stanley Kubrick kwenye filamu yake ya 1980 akaiacha imesimama, baba yake Danny, yule mtoto wa kwenye hadithi, anaganda nje kwenye theluji. Sasa Mike Flanagan, aliyeongoza Doctor Sleep 2019, ilibidi aunganishe vyote viwili, ndo maana Danny anarudi mle akiwa mtu mzima, anachungulia kwenye ule mlango uliopasuliwa na shoka, na mwisho anaiwasha boila kama kitabu kilivyotaka. Mi pale nililia kabisa. Tafuteni lile toleo refu la saa 3, ni zuri zaidi.