Mtoto akitanuliwa kaakaa, "s" ndiyo ya kwanza kuharibika

Mzazi akiambiwa na daktari wa meno kwamba taya la juu la mtoto ni jembamba na litahitaji kutanuliwa, huuliza mambo mawili: bei na maumivu. Suala la kusema halimjii mpaka mtoto atoke kliniki akisema "thitaki" badala ya "sitaki". Binti yangu alivaa kifaa cha kutanulia taya akiwa darasa la tatu. Haya ni kwa mzazi ambaye zamu yake inakuja.

Kifaa chenyewe ni chuma kinachogandishwa kwenye magego ya juu, kushoto na kulia, na katikati, chini tu ya kaakaa, kuna skrubu. Mfupa wa taya la juu ni vipande viwili vinavyokutana katikati, na kwa mtoto mshono wake haujashikana sawasawa, ndiyo maana kazi hii hufanywa mapema. Anayezungusha skrubu nyumbani ni wewe, kwa ufunguo mdogo, na robo mzunguko husogeza kama robo ya milimita. Idadi ya mizunguko atakupa daktari. Ufunge ufunguo kwa uzi na uushikilie, usije ukaponyokea kooni. Mlaze mtoto, mmulike kwa tochi ya simu, tia ufunguo kwenye tundu la skrubu, usukume kutoka mbele kwenda nyuma hadi tundu linalofuata lionekane lote. Ukiishia njiani, safari ijayo ufunguo hauna pa kuingia.

Sasa matamshi. P, b na m haziguswi, hizo ni kazi ya midomo. Shida iko kwenye s na z. Ukitamka s, kingo za ulimi hubana pande zote mbili za juu, pumzi ikapita kwenye mfereji mwembamba katikati. Chuma kikiwa pale kingo hazibani, pumzi inavujia pembeni pamoja na mate, na mate ya siku za mwanzo ni mengi kwelikweli. Sh, ch, j na ny hufuata, maana ulimi hupanda kuelekea palepale penye skrubu. "Chungwa" na "nyanya" zilimtoa binti yangu jasho kuliko hesabu.

Penye mtihani hasa ni madrasa. Shuleni kithembe kinavumilika, lakini kwenye Kurani sin ikisikika kama tha hiyo ni herufi nyingine, na maana inaweza kubadilika. Nilimwendea ustadhi mapema.
"Ustadhi, mtoto ana chuma mdomoni. Sin yake itayumba kwa muda."
"Hamna neno, mama. Asome hivyohivyo, ulimi utazoea."
Na aliposoma, alimwacha amalize aya ndipo amrekebishe herufi moja tu. Mtindo huo nikauiga nyumbani. Mtoto anayekatizwa kila neno huamua kunyamaza, na akinyamaza ulimi haujifunzi kitu.

Kinachosaidia ni kusoma kwa sauti kila siku, taratibu, akinywa maji kidogokidogo. Mpe sentensi zenye s nyingi: "Sasa sisi sote tusome somo la saba." Ile sentensi ya kutatiza ulimi ya wale watu wa Liwali inachekesha, lakini ni l na w tupu, haimgusi mgonjwa wetu, yaani s. Kabla ya kusoma asafishe chuma. Tonge la chapati likinasa juu ya skrubu hakuna herufi itakayotoka salama. Bomba la sindano lisilo na sindano, lililojazwa maji, linalitoa vizuri.

Halafu, matamshi yakishaanza kunyooka, meno mawili ya mbele huachana na s inaanza kupiga mluzi. Wazazi wengi hushtuka hapa. Pengo ni ishara kwamba mfupa unafunguka, na kwa kawaida meno hurudiana yenyewe baadaye. Usiache kuzungusha kwa sababu ya mluzi, ila daktari akisema.

Mizunguko ikiisha, chuma hubaki miezi kadhaa ili mfupa mpya ujae kwenye mshono. Kufikia hapo watoto wengi wanasema vizuri. Kama matamshi yalikuwa yameshakaa sawa yakaharibika ghafla, au unasikia chuma kikigonga akiongea, huenda kimelegea kwenye gego, mrudishe kliniki. Na kama mtoto alikuwa na kithembe tangu zamani, usitegemee chuma kikiondoe. Huyo anahitaji pia mtaalamu wa matamshi, hasa ikiwa ulimi wake husukuma meno ya mbele kila anapomeza.