Parkinson, dopamini na moyo: nawajibu mlioniuliza

*Baba ana Parkinson, tumeambiwa ubongo wake umepungukiwa dopamini. Sasa mbona daktari anahangaika na moyo?*

Poleni sana, na huyo daktari mshikilieni. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa taratibu, mkono ukianza kutetemeka unakuta nusu hivi au zaidi zimeshaenda, ila wengi hawaambiwi kwamba mishipa ya fahamu inayoenda moyoni nayo mara nyingi inakufa, kwaiyo mzee akisimama presha inashindwa kujirekebisha.

*Mitokondria inaingiaje hapo?*

Mitokondria ndo zinatengeneza nguvu ndani ya seli, na kwenye seli ya moyo zinachukua karibu theluthi ya nafasi maana moyo haupumziki. Mwaka 1982 kule California kuna watu walijidunga heroini bandia yenye kemikali inaitwa MPTP wakakakamaa ghafla kama wazee wa Parkinson, baadae ikajulikana ile kitu ikifika kwenye ubongo inageuka sumu inayozima mitokondria za seli za dopamini. Halafu kuna jeni inaitwa PINK1, inasaidia kuondoa mitokondria mbovu, ikiharibika mtu anaweza kupata Parkinson bado kijana, na panya walioondolewa jeni hiyo misuli ya moyo ilinenepa ikawa inasukuma damu vibaya. Ndo maana mi sikubali habari ya ubongo kivyake moyo kivyake.

*Mama akiamka anapepesuka. Ni uzee?*

Tulisema hivyo hivyo kwa mjomba wangu mpaka alipoanguka kati ya kitanda na mlango wa choo, bado inaniuma. Mpime presha akiwa amelala dakika 5, asimame, mpime tena ndani ya dakika 3, ile ya juu ikishuka 20 au ya chini 10 muwahi hospitali. Inaweza kuwa ugonjwa wenyewe, inaweza kuwa dawa, mara nyingi vyote. Akiamka akae kwanza ukingoni, achezeshe miguu. Dawa msimkatishe ghafla, ni hatari.

*Eti mbegu za upupu zina dopamini, nimpe mzee?*

Zina levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, na ndo hiyo hiyo iko kwenye vidonge. Shida kila mbegu ina kiasi chake, sasa ukimchanganyia na vidonge anaweza kuzidisha dozi, presha ikashuka vibaya. Tafadhali usimpe kimya kimya, nenda na hizo mbegu mkononi umwonyeshe daktari.