Fundi marumaru auliza: algorithimu ni nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi marumaru, nipo Mbagala, shule niliishia darasa la saba. Mdogo wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, kila tukikaa ni algorithimu, algorithimu. Nikimuuliza ndiyo kitu gani, ananionyesha simu. Naomba unieleweshe.

JIBU: Marahaba, fundi. Simu tuiweke kando, tuingie kazini kwako.

Algorithimu ni hatua zinazofuatana mpaka kazi iishe, kila moja imeelezwa wazi hata asiyejua inakoelekea aweze kuitekeleza.

Chumba kina sentimeta 420 kwa 300. Mwenye nyumba anataka marumaru za mraba, kubwa kabisa, na hataki hata moja ikatwe. (Nafasi za maungio tusizihesabu.) Utakwenda Kariakoo kuulizia za kipimo gani?

Unaweza kuanza na 300: je, inagawa pande zote mbili bila kubakiza? Ikikataa, shuka 299, kisha 298, hivyo hivyo. Jibu utalipata, ila baada ya kujaribu vipimo 241. Hiyo nayo ni algorithimu, tena sahihi.

Sasa tazama njia aliyoiandika Mgiriki Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Gawa namba kubwa kwa ndogo, ushike kinachobaki. 420 kwa 300, inabaki 120. 300 kwa 120, inabaki 60. 120 kwa 60, haibaki kitu. Basi kipimo ni 60: vipande 7 kwa 5, jumla 35. Umegawa mara tatu tu! Shuleni mliiita kigawo kikubwa cha shirika.

Tena haiwezi kuzunguka milele. Kinachobaki siku zote ni kidogo kuliko namba uliyogawia, kwa hiyo kinazidi kupungua hadi sifuri. Nimefundisha hesabu hii miaka mingi na bado naipenda.

Simu haijui chumba wala marumaru. Inafuata hatua ilizopewa, kwa kasi kubwa. Anachosomea mdogo wako, kwa sehemu kubwa, ni kuitafuta njia ya mara tatu pale wengine wanapohangaika na ya mara 241. Hata RSA, mfumo wa kuficha ujumbe uliobuniwa Marekani mwaka 1977, hutumia hesabu ya Euclid kutengeneza funguo zake.

Jaribu chumba cha 360 kwa 225. Utagawa mara nne, utoke na 45. Halafu mpe mdogo wako naye akifanye.