Mwalimu wa Baiolojia Anauliza: Furu Waliumbwa au Waligeuka?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni Mwislamu, nafundisha baiolojia sekondari hapa Mwanza. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mageuko ya viumbe, nafsi inanisuta. Ndugu mmoja tunayeswali naye amenitumia video kutoka Marekani kuhusu kitu wanachokiita Ubunifu wa Kiakili: kwamba ndani ya viumbe kuna mitambo ambayo ukiitoa kipande kimoja tu haifanyi kazi tena, kwa hiyo haikuweza kujengeka kidogo kidogo, lazima yupo aliyeibuni. Ananisihi niifundishe hiyo badala ya nadharia ya Darwin ya mageuko. Je, nifanye hivyo? Na mwanafunzi Mwislamu akijibu mtihani kama kitabu cha shule kinavyosema, imani yake imesalimika? Juzi mmoja kaniuliza kama furu, wale samaki wetu wadogo wa ziwani, waliumbwa hivi walivyo au waligeuka, nikakosa la kusema.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu wangu. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.

Jibu langu fupi ni hapana, usiifundishe badala ya somo lako. Sababu yangu ya kwanza sikuitoa maabara, nimeitoa kwenye hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim.

Mwaka wa 10 wa Hijra Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Maria, akiwa bado hajatimiza miaka miwili. Siku hiyohiyo jua likapatwa, mchana ukaingia kiza, na watu wa Madina wakaambizana: jua limemlilia mtoto wa Mtume. Hebu fikiri. Hakuna aliyewafundisha kusema hivyo, wamesema wenyewe, kwa mapenzi. Mtume angekuwa mtu anayetafuta hoja ya kuwashinda makafiri, hiyo hapo imejileta. Akatoka, akawaswalisha, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Aliikataa hoja dhaifu iliyokuwa upande wake, siku ya msiba wake.

Karibu miaka mia tano baadaye Imam Ghazali, katika utangulizi wa kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, akarudi kwenye kupatwa huko huko. Anasema wanajimu wa hesabu wameeleza kwamba mwezi hupatwa pale ardhi inapokaa kati yake na jua, na hesabu yao ina dalili madhubuti. Anayedhani kulipinga hilo ni kuitetea dini, anaitendea dini jinai. Tena akaongeza kwamba madhara ya anayeinusuru dini kwa njia isiyo yake ni makubwa kuliko ya anayeishambulia. Maneno hayo nayakumbuka kila nikitumiwa video.

Sasa tazama Qur'ani yenyewe inavyotumia neno aya, yaani alama. Katika Suratur Rum, aya ya 48, Mwenyezi Mungu anatuma pepo, pepo zinayatimua mawingu, anayatandaza mbinguni, anayafanya mapande mapande, kisha unaona mvua ikitoka katikati yake. Hiyo ni maelezo ya jinsi mvua inavyokuja, hatua kwa hatua. Katika Suratul Ghashiya tunaambiwa tumtazame ngamia, mnyama ambaye Mwarabu alimjua kuliko alivyowajua jirani zake. Yaani alama tunazoonyeshwa ni vitu tunavyoviona na kuvielewa, na kadiri tunavyovielewa ndivyo zinavyozidi kuwa alama. Hoja ya video yako inakwenda kinyume: inamtafuta Muumba pale wataalamu walipokwama. Wakikwamuka kesho, itakuwaje? Muumini gani anataka Mola anayehamishwa chumba kila maabara inapopata darubini mpya?

Chukua wewe mwenyewe. Nikikuuliza nani kakuumba, utasema Allah. Daktari akieleza mbegu, yai, na miezi tisa, huoni kuwa amekukanushia. Suratul Muuminun inazitaja hatua hizo: tone, pande la damu, pande la nyama, mifupa, kisha mifupa ikavikwa nyama. Na mkulima anapanda mahindi, anapalilia, halafu anasoma Suratul Waqia: je, ni nyinyi mnaoyaotesha au ni Sisi? Sababu ni zake, na aliyezisababisha ni Yeye. Kwa akili hiyo tunayoitumia tumboni mwa mama na shambani, kwa nini tuiache tunapofika kwa samaki?

Nije kwenye hiyo video. Hoja yenyewe ni ya zamani. Kasisi wa Kiingereza, William Paley, aliiandika mwaka 1802 kwa mfano wa saa iliyookotwa njiani: mwenye kuiona atajua kuna fundi. Mfano mzuri, ila saa haizai. Siku ukikuta saa zinazaa vijisaa, na kila kijisaa kinatofautiana kidogo na mzazi wake, na zinazochelewa zinakufa kabla ya kuzaa, hapo mjadala umekuwa mwingine.

Ubunifu wa Kiakili kama unavyoletwa leo ulizaliwa Marekani, na ulizaliwa katika ugomvi wa mahakamani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa fundisho la uumbaji kuingizwa kama sayansi katika shule za serikali. Waandishi wa kitabu kimoja cha shule kilichokuwa kinaandaliwa wakafuta neno "waamini wa uumbaji" wakaweka "watetezi wa ubunifu", na katika rasimu moja maneno hayo mawili yalikutwa yameshikana, la zamani halijafutika vizuri. Rasimu hizo zikatolewa ushahidi katika mji wa Dover, Pennsylvania, ambako wazazi 11 waliishtaki bodi ya shule. Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akaamua kuwa Ubunifu wa Kiakili si sayansi.

Shahidi mkubwa wa bodi hiyo alikuwa Michael Behe, mwanabaiokemia, mwenye mfano wa mkia wa bakteria unaozunguka kama mota ya boti. Bila shaka ndio huo uliomo kwenye video. Alisema ukitoa kipande, mkia wote ni bure. Wenzake wakamwonyesha kwamba sehemu ya vipande hivyohivyo inaonekana kwa bakteria wengine, wakiwemo wa tauni, ikifanya kazi nyingine kabisa: ni sindano ya kupigia sumu. Kwa hiyo mtambo nusu si lazima uwe takataka. Na alipobanwa na wakili kuhusu maana yake ya neno nadharia ya kisayansi, alikubali kwamba kwa maana hiyo hata unajimu wa kubashiri kwa nyota ungeingia. Mwalimu, sisi tunaowakataza watu kwenda kupigiwa falaki tumkaribishe huyo msikitini kwa mlango wa mbele?

Jambo moja zaidi, na mweleze ndugu yako kwa upole. Huyo Behe anakubali kwamba binadamu na sokwe wana asili moja ya kale. Anachobishia ni namna mabadiliko yalivyopatikana tu. Ndugu yetu ameshika kamba akidhani inamvuta kwa Nabii Adam, kumbe mwenye kamba hayuko huko.

Kuhusu mageuko yenyewe, mambo mengine tumeyaona kwa macho. Kama umri wako unaruhusu utaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria, uchungu wake ulimini na ule usiku wa kujikuna mpaka asubuhi. Tulikuwa tunavumilia kwa sababu ilikuwa inaponya. Kisha ikaacha kuponya. Vimelea vilivyobadilika kidogo katika jeni zao vilisalimika, vikazaa, dhaifu vikafa, na mwaka 2001 Tanzania ikaiweka kando, ikaja dawa nyingine ya malaria, SP, nayo ikachoka, ndipo tukaingia kwenye dawa mseto. Majirani zetu Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea vinavyokufa kwa dawa hiyo vikarudi kuwa wengi. Huko ndiko kuchujwa na mazingira, na kumetokea katika damu yetu.

Na hawa furu. Nenda mwaloni Kirumba alfajiri, mwombe mvuvi mzee akuchambulie fungu moja, maana kwa mnunuzi furu ni furu, lakini mvuvi anawajua. Fungua midomo. Utakuta mmoja ana taya nene na meno butu kooni, huyo anavunja konokono. Mwingine ana meno mengi madogo kama brashi, anakwangua mimea kwenye mawe. Wapo waliozoea kunyang'anya vifaranga na mayai kutoka kinywani mwa mama wa furu mwingine anayewalea humo. Aina zilizohesabiwa ziwani zinakaribia 500, ingawa nyingi zimetoweka tangu sangara alipoletwa miaka ya 1950. Na tope lililochimbwa chini ya ziwa linaonyesha kwamba Victoria ilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Wataalamu wanasema aina hizi zimetokana na mababu wachache waliochanganyika, na wameyasoma hayo katika vinasaba vyao. Sina aya wala hadithi inayonilazimisha kuwapinga. Suratun Nur, aya ya 45, inasema kila kiumbe kitembeacho kimeumbwa kwa maji, kingine kinatambaa kwa tumbo, kingine kwa miguu miwili, kingine minne, Mwenyezi Mungu huumba atakacho. Haikutaja ni kwa dakika au kwa miaka elfu. Mwambie mwanafunzi wako: waliumbwa, na huenda kugeuka ndiko kuumbwa kwao.

Ila kwa Nabii Adam nasimama. Suratu Aal Imran, aya ya 59, inamfananisha Isa na Adam: alimuumba kwa udongo, kisha akamwambia "Kuwa", akawa. Isa hakuwa na baba. Adam hakuwa na baba wala mama. Hivyo ndivyo umma ulivyoielewa, nami sina ruhusa ya kuigeuza aya kwa sababu mada ya kidato cha nne imenibana. Sayansi inafuatilia yanayojirudia, tukio moja la muujiza haliko mezani pake, kama ambavyo haiwezi kupima mimba ya Bibi Maryam.

Utaniuliza, na yule wa Oldupai? Fuvu la kiumbe wa kale afananaye na binadamu, aliloliokota mtafiti Mary Leakey katika bonde hilo mwaka 1959, lina umri wa miaka 1,750,000 hivi, na nyayo za waliotembea kwa miguu miwili huko Laetoli ni za zamani mara mbili ya hapo. Sioni tatizo kuamini vilikuwepo. Hakuna andiko sahihi linalotaja mwaka wa Adam, wala lisemalo kwamba kabla yake ardhi haikuwa na kiumbe anayesimama kwa miguu miwili. Uhusiano wao na sisi nauacha kwa Mwenye kujua. Wapo masheikh vijana wanaochukua neno "atwara" la Suratu Nuh, hatua baada ya hatua, wakasema hiyo ndiyo Darwin. Mufasirina wengi wameifasiri kuwa ni hatua za mimba. Kuibandika aya juu ya nadharia ni kosa lilelile la video, limevaa kanzu.

Nao wataalamu wanaopanda jukwaani kusema mageuko yamethibitisha hakuna Mungu, hao wametoka nje ya fani yao. Aliyeeleza jinsi injini inavyozunguka hajaeleza kwa nini kuna chuma.

Mtihani sasa. Wanazuoni wamesema mwenye kunakili kufuru si kafiri. Imamu husoma "Mimi ndiye mola wenu mkuu", maneno ya Firauni, katikati ya swala, na hakuna anayevunja safu. Mwanafunzi aandike "kwa mujibu wa nadharia ya mageuko", aeleze vizuri, apate alama zake. Mwanafunzi Mwislamu anayefeli baiolojia kwa jina la dini hajaisaidia dini. Nawe ufundishe kwa uaminifu ulichoajiriwa kufundisha, kisha kengele ikilia, atakayebaki kukuuliza kuhusu Adam, mjibu kama Mwislamu.

Kama mtapanga safari ya Oldupai mwaka huu, nihifadhie kiti. Nimelipita lile bonde mara mbili nikienda kwenye mihadhara Arusha na sijashuka hata mara moja.

Wallahu a'lam.