Uliza Mama Rangi: Nyumba moja, bei tatu

SWALI: Shikamoo Mama Rangi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimejenga Buswelu, hapa Mwanza, kwa kudunduliza. Nyumba ina vyumba vitatu, sebule, jiko na korido. Kwa nje ni mita 12 kwa 10. Ndani tulipaka chokaa tulipohamia. Nje kuna rangi ya maji ya miaka minne, sasa ukiiegemea unaondoka nayo kwenye nguo. Dari ni jipsamu, haijawahi kuguswa na brashi. Ukuta wa nyuma, upande wa mlima, umebabuka chini na unatoa unga mweupe. Desemba kuna sendofu ya mdogo wangu na wageni watafikia kwangu, kwa hiyo nimeita mafundi watatu. Wa kwanza, kijana wa mtaani, anataka 600,000 ya ufundi na mimi ninunue ndoo nne za rangi. Wa pili ametaja 3,200,000, vifaa na ufundi juu yake. Kwenye karatasi ameandika "kupiga rangi nyumba nzima", basi. Wa tatu ameleta makadirio ya kuchapwa, kurasa mbili: kukwangua, kutibu chumvi, skimu ndani yote (ile lipu nyembamba ya kulainisha ukuta), praima (rangi ya awali ya kushikisha), mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi). Jumla 5,400,000 pamoja na VAT. Sasa hapo nani ananiibia? Wabeja sana. — Mwalimu, Buswelu

JIBU: Marahaba mwalimu. Bado hujaibiwa. Hao watu wamekupa bei za kazi tatu tofauti, na wewe unazipanga mstari mmoja kana kwamba ni kazi ileile. Kabla ya kuwaza nani mwizi, chukua tepu ya kupimia.

Nje, mzunguko wa nyumba yako ni mita 44. Kwa kimo cha mita 3 unapata mita za mraba 132. Toa milango na madirisha, zibaki kama 112. Ndani, ukihesabu pande zote za kuta na kutoa milango, madirisha na marumaru za bafuni, nyumba ya ramani kama hiyo haiendi mbali sana na 270. Dari, weka 110. Jumla 492.

Sasa lita. Kwenye ukuta laini uliokwisha kupigwa praima, lita moja ya rangi ya maji inafunika mita 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja. Nje, kwenye lipu ya kukwaruza, lita hiyohiyo inaishia 7 au 8, kwa sababu rangi inajaza mashimo kwanza. Kwa mikono miwili, nje ni lita 28, ndani 54, dari 22. Jumla 104, na hapo sijagusa praima.

Kijana wa mtaani kakwambia ndoo nne. Ndoo nne ni lita 80. Lita 24 zilizopungua zitatoka wapi? Zitatoka bombani, mwalimu. Maji kidogo kwenye mkono wa kwanza yanaruhusiwa, na kipimo chake kimeandikwa kwenye kopo, lakini si lita 24. Au atapiga mkono mmoja, akifika chumba cha mwisho anakupa ile "huu ukuta umeshiba, mama". Simsemi vibaya, mkono wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa mwenye kurasa mbili. Ila 600,000 ukiigawa kwa mita 492 ni kama shilingi 1,220 kwa mita, mikono miwili, na ndani yake hakuna senti ya kukwangua chokaa. Kwa bei hiyo hakwangui, na wewe usimlazimishe akwangue bure maana atailipua.

Hapo kwenye chokaa ndipo pesa yako ilipo, kwa hiyo nivumilie. Nilianza kazi hii nikiwa nyuma ya kaunta, nauza rangi mjini karibu na Makoroboi, kabla sijashika brashi. Wateja walikuwa wanarudi na vipande vya rangi mkononi, vimejikunja, wanadai tumewauzia rangi iliyochakachuliwa. Nilikuwa nakigeuza kipande, namwonyesha mgongoni: weupe mtupu. Rangi ilikuwa imeshika chokaa vizuri kabisa. Chokaa ndiyo iliyoachia ukuta. Fanya jaribio hili leo jioni. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa sebule. Kikitoka cheupe, praima peke yake haitakuokoa. Halafu bandika kipande cha selotepu, kikandamize kwa kidole gumba, kikwanyue kwa mkupuo. Kikija na unga au magamba, ukuta huo lazima ukwanguliwe kwa skrepa na brashi ya waya, upigwe msasa, ufutwe vumbi, ndipo praima ipite. Kazi hiyo inakula siku nyingi kuliko kupaka kwenyewe, na inakula mabega. Ndiyo maana fundi akiniambia bei yake nafuu sana sishangai, namuuliza tu: utakwangua?

Fundi wa pili hajaandika kama atakwangua. Hajaandika mikono mingapi wala rangi ya aina gani. Rangi nyepesi na rangi nzito ya nje zote zinaitwa rangi ya maji, na bei zake zinaweza kuachana mara mbili. Tuseme nyepesi ni 60,000 ndoo, nzito 120,000. Ile ya 60,000 ikitaka mikono mitatu kufunika na kuanza kuachia unga baada ya mvua mbili tatu, umeokoa nini? Ya kwako ya nje imeshakupa jibu, iko kwenye nguo za watu. Kwa hiyo nje usibane. Ndani, hasa vyumbani, nyepesi yenye alama ya TBS itakutosha. Hakuna jua huko.

Wa tatu ndiye aliyekutisha, na mimi ndiye ninayempenda, kwa sababu kaandika. Ila msome vizuri. Katika 5,400,000 yake, VAT ya asilimia 18 ni kama 824,000. Bei ya kazi yenyewe ni 4,576,000 hivi. Kama amesajiliwa VAT, atakupa risiti ya EFD inayoonyesha kodi hiyo. Kama hana, aitoe kwenye hesabu, kwa sababu haiendi kokote zaidi ya mfukoni mwake. Pili, "skimu ndani yote". Skimu ni nzuri, ukuta unakuwa kama kioo, lakini watoto wanaolala chumba cha nyuma hawana habari na kioo. Piga skimu sebuleni na kwenye korido, ambako taa inapita pembeni ya ukuta na kila kovu linaonekana. Vyumbani ziba nyufa na mashimo, piga msasa, endelea. Mstari huo peke yake utaona umemeza kiasi gani cha makadirio yake.

Na kama kuna mtu atakushauri skimu nje, muulize ni ya nini. Ya jipsamu ni ya ndani tu, ikilowa inalainika. Nje inapakwa ile ya simenti.

Sasa ukuta wa nyuma. Unga mweupe huo ni chumvi. Inatoka ardhini, kwenye tofali na kwenye simenti. Maji yanaiyeyusha, yanapanda nayo ukutani, yanakauka juu na kuiacha pale, na inapokua inasukuma rangi. Kuna fundi alimwambia jirani yangu hiyo ni "chumvi ya upepo wa ziwa", akamwuzia rangi ya bei ya pwani. Jamani, ziwa letu ni maji baridi, tunayanywa! Ukuta wako unalowa kwa sababu umejenga ubavuni mwa mlima wa Mwanza: mvua ikipiga kwenye mwamba haina pa kuzama, inateremka yote na kusimama nyuma ya nyumba yako. Nenda ukaangalie. Nabashiri utakuta udongo umepanda juu ya msingi. Ushushe, chimba mtaro wa kuyapitisha maji pembeni, ukiweza mwaga sakafu nyembamba ya zege kandokando ya ukuta. Chumvi isugue ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, uifagie na kuitupa mbali. Ukiiosha kwa maji mengi unairudisha ndani. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa. Wengi huficha sehemu hiyo kwa mkanda wa rangi ya mafuta ya kahawia, kimo cha kiuno, ili tope lisionekane. Kwenye ukuta mkavu sina neno. Kwenye ukuta unaopandisha maji, rangi ya mafuta inayafungia ndani na baada ya muda inavimba malengelenge. "Kutibu chumvi" kwenye makadirio ya fundi wa tatu, muulize anatibu na nini. Akitaja kopo kabla ya kutaja mtaro, futa mstari huo, kamlipe mchimba mtaro.

Umeniandikia Septemba, na vuli inakaribia. Mtaro uchimbwe wiki hii. Nje kuanzwe mara moja, asubuhi umande ukishakauka, na wingu likifunga kazi isimame. Rangi ya maji iliyonyeshewa kabla haijashika inachuruzika mpaka kwenye msingi. Ukuta wa nyuma uwe wa mwisho, hata ukipakwa Novemba kwenye siku za jua. Ndani kunaweza kuendelea mvua ikiwa inanyesha, ila mpe kila mkono nafasi ya kukauka. (Wewe wa Buswelu una nafuu. Ndugu zetu wa Igombe na Kayenze, wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu la moshi jioni na taa ya veranda inawaka, ukuta mbichi unaota manyoya. Huko mkono wa jioni tunauacha, na taa tunazima.)

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Chukua orodha ya fundi wa tatu, punguza skimu, toa VAT isiyo na risiti, andika jina la rangi ya nje na ya ndani na "mikono miwili". Toa kopi, wape wote watatu, waandike bei ya ufundi peke yake. Hapo ndipo unalinganisha. Sitashangaa wa pili akipanda na wa tatu akishuka mpaka wakaribiane, na kijana wa mtaani umpe vyumba na dari chini ya mmoja wao.

Vifaa nunua mwenyewe. Fundi akinunua anaweka cha juu. Ni desturi ya kazi na wala hatuoni haya, lakini wewe una sendofu. Nenda naye dukani achague, ulipe wewe, ndoo zifunguliwe mbele yako, na makopo matupu yasitoke nyumbani mpaka umeyahesabu siku ya mwisho. Rangi ya kuchanganywa kwa mashine chukua ya kutosha ukuta mzima kwa mara moja, utunze ile namba iliyobandikwa kwenye mfuniko.

Malipo ya ufundi mimi nayakata hivi: asilimia 30 wakianza, 30 ukuta ukishakwanguliwa na praima kupita, na hapa usilipe kabla hujarudia lile jaribio la selotepu, 30 mkono wa pili ukikamilika, 10 inabaki mpaka inyeshe mvua moja ya maana. Fundi anayejiamini hatabishana na hiyo 10. Hela ya kula ya kila siku iandikwe na ikatwe humo humo, la sivyo inakuwa mshahara wa pili.

SWALI: Mama Rangi, nimepanga chumba kimoja Mabatini, mita 3.5 kwa 3.5. Kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa jiko la mkaa la mpangaji aliyetangulia. Mwenye nyumba anasema nifanye ninavyotaka. Nikipiga mwenyewe nitahitaji nini? — Mpangaji, Mabatini

JIBU: Chumba hicho kikiwa na kimo cha mita 2.8, ukuta wake ukitoa mlango na dirisha ni kama mita 35 na nusu. Mikono miwili ni lita 7 na ushee: galoni mbili za lita 4. Ongeza rola moja, brashi ya inchi mbili ya kona, msasa na plastiki ya kufunika kitanda. Fundi huhitaji.

Lakini moshi usiupake juu. Masizi na mafuta yanapenya rangi ya maji. Utalala ukuta mweupe, utaamka una mawingu ya kahawia. Osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, ukianzia chini kwenda juu ili michirizi isichore ukuta mkavu, suuza, acha ukauke. Pale palipobaki na doa piga praima ya mafuta, sehemu hiyo tu, dirisha likiwa wazi, na usiku huo kalale kwa rafiki. Ikishakauka endelea na rangi ya maji.

"Fanya unavyotaka" ya mwenye nyumba ni maneno ya mdomoni. Kabla hujanunua hata msasa, mtumie meseji: gharama ya rangi itakatwa kwenye kodi ya mwezi gani, shilingi ngapi? Akikataa, basi piga mkono mmoja wa rangi nyepesi, na jiko lako la mkaa ulitoe nje.