Jibu: Vichezeo vimejaa, chumba hakipitiki

Habari dada. Umesema watoto wawili wanalala chumba kimoja kidogo, umenunua kapu kubwa, na bado asubuhi unakanyaga vigari. Nadhani kapu lenyewe ndilo tatizo: mtoto akitaka kilicho chini, anamwaga vyote. Mimi lilinishinda hivyo hivyo.

Kwanza pima kimo cha uvungu wa kitanda, ndipo utafute maboksi mafupi yanayoingia humo. Yasiwe na mifuniko (hawairudishii, amini). Nusu ya vichezeo ifiche, ubadilishe kila baada ya wiki mbili. Vya zamani hupokelewa kama vipya. Ukiweka rafu, ifunge ukutani kwa skrubu, maana watapanda tu. Vile vidogo vya kumezeka, mdogo asivifikie.