Barua kwa mwanangu: namba nilizokwangua

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku wazima, mama yako kaamka na kiuno kile kile lakini kashafika Kibirizi kwenye dagaa zake, sa mimi niko hapa kibandani Mwanga, Kigoma, nimeona nikuandikie kabla wateja hawajaanza, japo wateja wenyewe siku hizi ni wa kuchaji simu na kubadilisha kioo, redio wanaleta wazee wenzangu tu.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Kwamba kuna kampuni hapo Dar inakupa kazi, mshahara wa maana, ila mkataba una kipengele kinasema chochote utakachoandika ukiwa mwajiriwa wao, hata usiku, hata kwa laptopu yako mwenyewe, ni mali yao, na ile programu yako ya kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, ile unayoigawa bure, uachane nayo. Halafu mwishoni ukauliza, "Baba, wewe miaka yote ile umefundisha watu ufundi bure pale kibandani, uliwahi kujuta?"

Hapo ndo umenikwamisha. Kipengele nitakifikia, au nisikifikie, tutaona. Lakini swali lako lina kosa ndani, na we mwenyewe husema bagi, yani kosa la programu, usipoishika kwenye chanzo unapaka rangi tu. Mimi sijawahi kufundisha mtu bure pale kibandani. Sikumbuki hata siku moja. Aliyefundisha ni wewe, tena kwa daftari langu, tena nikakuzaba kofi.

Hukumbuki? Au unakumbuka ila unanistahi?

Ilikuwa 2009, uko darasa la sita. Fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa kafungua banda lake na ananimaliza, kila nikitengeneza kitu wiki mbili baadae nakikuta kwake kimeigwa. Zamani, nishakwambia sana hii, redio ilikuja na mchoro wa saketi, umebandikwa ndani ya mfuniko au umekunjwa kwenye boksi, ukifungua unaona njia zote, mwenye kiwanda mwenyewe anakwambia karibu. Baadae michoro ikakoma. Na sisi mafundi tukaongeza uchoyo wetu juu yake, tukawa tukipachika aisii, kile kidude cha ndani chenye miguu mingi na namba mgongoni, tunachukua wembe na kipande cha msasa tunakwangua namba, mwenzako akifungua anaona kidude cheusi hakina jina. Nilikuwa hodari wa hiyo kazi. Usiniulize kama ilikuwa vizuri, nilikuwa na watoto wanne na kodi ya banda.

We ulikuwa unashinda pale baada ya shule, umekaa kwenye boksi la karabai bovu, kumbe kila ninachopachika unakinakili kwenye kaunta buku kabla sijakwangua. Mimi najua mtoto anachora. Siku hiyo nakuona umesimama upande wa pili na kijana wa yule fundi, yule mwanafunzi wake mwembamba, anageuza kurasa, wewe unamwelekeza na kidole. Nilivuka ile barabara sikuangalia hata baiskeli. Kofi moja, mbele ya watu. Nikakuuliza kakupa nini, ukasema hajanipa kitu, kaniomba. Ndo ikanikasirisha zaidi, ungesema kakupa hata andazi ningeelewa.

Kumbe kijana alikuwa keshapeleka baadhi ya kurasa kwenye fotokopi. Nilichukua daftari, nikalifungia. Sikujua kwamba kitu kikishatoka kimetoka.

Sasa hii nyingine hujawahi kuisikia, mama yako tu ndo anajua, na yeye nilimkataza.

2014 we uko bweni Tabora. Ujiji kuna Maulidi, na amplifaya yao niliunda mimi, ile ya kutumia betri ya gari, maana enzi zile umeme wetu wa majenereta ya dizeli unakatika bila hata kuaga. Aisii moja, honi mbili juu ya mwembe, wati 19, sauti inafika mpaka huko chini ziwani. Usiku umekolea, watu wamejaa hadi barabarani, wanaanza tu kusimama, amplifaya ikatoa moshi ikanyamaza. Wakanifuata na pikipiki. Nafika, nafungua, nakuta aisii imeungua, miguu 14, na mgongoni imekwanguliwa safi kabisa. Nani kaikwangua? Mimi.

Mwanangu, aisii za miguu 14 ziko chungu nzima. Transista ukiwa na bahati mita itakwambia jambo, aisii iliyoungua haikwambii kitu. Niliiangalia ile plastiki kwa tochi, naigeuza, naipulizia, kama vile namba itarudi. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Fundi, si ni kazi yako hii?" Upole ule ulinichoma kuliko angenitukana.

Mara nasikia mtu anasema shikamoo mzee, nageuka, ni yule kijana wa ng'ambo, kashakuwa fundi kamili na banda lake hapo Ujiji. Katoa mfukoni karatasi mbili za fotokopi zimekunjwa mpaka zinataka kukatika. Mwandiko wako. Mstari wa nne: "Amplifaya ya Ujiji. LA4440. Baba ameikwangua." Basi kaenda kung'oa nyingine kwenye redio mbovu ya gari, tukachomea pale pale chini, mimi nashika tochi, yeye kashika chuma cha kuchomea. Mimi. Nashika tochi. Honi zikalia, watu wakasimama kwenye kiyamu, kile kisimamo cha kumsalia Mtume, na mie nikasimama nalia, waliokuwa karibu wakadhani ni mapenzi ya Mtume, na yalikuwepo pia, siwezi kukataa.

Nikamwuliza nakudai au unanidai. Akasema mzee hakuna deni, hizi mwanao alinipa bure.

Kwa hiyo jibu la swali lako, lile lililorekebishwa, ni hili: nilichojutia ni kukwangua. Fundi anayekwangua namba anajikwangulia mwenyewe, nishasema na nitasema tena. Na lile kofi. Sikukuomba radhi kwa sababu ulikuwa mbali, halafu ukarudi umekuwa mkubwa, halafu ikawa aibu kuanza. Basi nimeanza.

Lakini subiri, usikimbilie kusema baba kashaamua. Maana nikilala usiku nabishana mwenyewe. Yule fundi wa ng'ambo kweli alininyang'anya wateja, si hadithi. Ile miaka mlikula ugali na dagaa wa vumbi kwa sababu yake. Mtu mwenye njaa anaficha, hata kuku anaficha mayai. Na wewe je, unagawa, na kodi ya chumba hapo Dar unalipa kwa vibarua vya kutengeneza tovuti za harusi. Kampuni moja inachapa risiti kwa programu yako, risiti zina maneno yako mwenyewe, na hujapata hata vocha. Nilipokasirika ukaniambia baba nimeweka leseni ya MIT, wanaruhusiwa kuchukua na kuuza na kufanya watakavyo, sharti ni jina langu na maneno ya leseni yabaki mle ndani. Nikakaa kimya siku nzima. Jina libaki. Yani duniani kuna watu wameandika sheria ya kukataza kukwangua namba! Kuna jambo hapo nililipenda na kuna jambo lilinikera, na yote mawili bado yapo.

Na kusema kweli siwezi kukufikiria bila hiyo programu. Desemba ulipokuja likizo shangazi yako alitaka akuletee mganga. Uko juu ya bati saa tano usiku na simu mkononi unatafuta mtandao. Saa tisa uko kwenye mkutano na Mbrazili na Mpolandi, wenzako wa hiyo programu, jogoo anawika wanacheka huko kwao. Halafu ile asubuhi mama yako kakukuta umechuchumaa uani unamweleza kuku mwekundu, taratibu kabisa, kwa nini mashine inakosea. Ukatuambia ndo ufundi wenyewe, wenzenu huko wanaweka bata wa plastiki mezani wanamsimulia tatizo, ukilisimulia kwa sauti kosa unaliona mwenyewe. Shangazi akasema sawa, ila bata wa plastiki hatagi, huyu kuku tangu umsimulie kagoma.

Na alfajiri ile ulipopiga kelele "Nimeipata!" mama yako akatoka na mchi wa kinu anajua mwizi. Kumbe umepata "na". Siku tatu unapigana na "na". Elfu mia moja na mbili, ni 100,002 au 102,000? Nilidhani utani mpaka nikajaribu kuitamka mwenyewe. Lugha yetu wenyewe, na sijawahi kuona hilo shimo. Mama yako ndo akaliziba, akiwa na mchi bado mkononi: "Sisi Kibirizi tunasema laki na elfu mbili. Ukisema elfu mia na mbili unataka kuibiwa." Ukamkumbatia, ukaenda kuwaandikia wale wageni wasiojua hata shikamoo kwamba mama yangu muuza dagaa kasema. Sijawahi kuona umefurahi hivyo, hata matokeo ya kidato cha nne hukuruka.

Ni furaha ile ile ya 2010 zilipokuja zile sidii. Uliomba kwenye intaneti kafe kwa siri, mimi naitwa posta kuna mzigo kutoka nje wa mtoto wako, naenda na wasiwasi nauliza ushuru ngapi, hakuna, stempu nani kalipa, wao. Ubuntu, programu ya kuendeshea kompyuta. Nikacheka, maana sokoni hapa Mrundi akikupa kitu "ku buntu" kakupa bure. Ukanisomea kwamba aliyeanzisha mwaka 2004 ni mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na kwao ni utu. Sa bure na utu neno moja, nilishindwa kubisha, nikabisha hivyo hivyo, nikakwambia cha bure kina ndoana. Zilikuwa nyingi, moja nikaitundika juu ya dagaa za mama yako kutisha kunguru, ukalia. Hiyo nayo samahani, ingawa kunguru walikimbia kweli.

Ndoana ipo lakini. Si unakumbuka we mwenyewe ulinisimulia ile ya Machi 2024, ile programu ndogo ya kubana mafaili, xz, inatumika kila mahali na mtunzaji ni mtu mmoja kachoka, akaja msaidizi mwema, kasaidia zaidi ya miaka miwili, kumbe anatengeneza mlango wa kuingilia wezi. Mimi nilichokipenda ni yule Andres Freund, wala hakuwa mlinzi wa kitu, kaona tu kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde, roho ikakataa, akafukua mpaka akaukuta. Nusu sekunde! Huyo ni fundi wa redio, anasikia transfoma inavuma vibaya kabla haijanuka. Na angefukua vipi kama namba zote zimekwanguliwa? Lakini mimi ni baba, hadithi ile ile inanitisha upande wa pili: yule mtunzaji aliyechoka. Kuna mtu alikuandikia saa nane usiku kwamba rekebisha haraka wateja wangu wanasubiri, hajakulipa senti, na wewe ukaamka. Mimi nilikuona. Mshahara unampa mtu usingizi, hilo nalo ni kweli.

Basi kuhusu kipengele sisemi. Wewe ni mtu mzima. Sisemi usaini, sisemi usisaini. Ila waulize kama wanakubali ile programu iandikwe pembeni kwenye mkataba kabla ya sahihi, kwamba hii ilikuwepo, hii si yenu. Wakikubali hapo hapo, ni watu. Wakikwambia eti hata mawazo ya usiku ni yetu, hapo mwanangu, mimi ningekuwa wewe nin... sisemi. Nimesema sisemi. Na hata ukiiacha, walio nayo wanayo, Mbrazili ataendelea nayo, si ndo ulivyonieleza? Fotokopi imeshatoka.

Zile karatasi mbili kijana aliniachia usiku ule. Ninazo kwenye droo ya mita. Nimezipiga picha nakutumia baada ya hii, angalia hiyo LA, L yako ilikuwa kama moja, na bado nilisoma.

Mama yako katuma dagaa kilo tatu na chupa mbili za mawese kwa basi la kesho, kapokee mapema mawese yasije yakamwagika kwenye mizigo ya watu. Na anauliza, ile laki yake ushaiweka, au bado unabishana na Mpolandi?

Baba yako.